Masikio ya Hilkka na Sanduku la Veikko

Shemeji yangu Veikko Salmela alifanya kazi ya fundi umeme katika kiwanda cha karatasi miaka thelathini na moja, na zile mashine za kiwandani zilimla masikio kidogo kidogo bila mwenyewe kugundua. Siku anastaafu, ukimwita kutoka nyuma ulikuwa kama unaita ukuta. Yeye hakukubali. Alisema watu wa siku hizi wanameza maneno.

Mkewe ni dada yangu Hilkka, na kama Mungu hupenda utani, basi ndoa ile ni mmoja wa utani wake. Hilkka ni fundi wa piano. Hapa Thunder Bay, Kanada, hakuna piano ya kanisa, ya shule wala ya ajuza yeyote wa mtaa wa Bay Street ambayo hajaifungua kifua akaiweka sawa. Tulipokuwa wadogo alikuwa anamwambia mama ni tairi lipi la gari la baba limepungua upepo, na gari lenyewe bado halijakata kona ya nyumbani.

Mimi ni Onni, mdogo wake. Naendesha gari la manispaa la kusukuma theluji. Wakati wa baridi naingia barabarani kabla watu hawajaamka, na ikifika saa sita mchana nimemaliza, naenda kwa dada kunywa kahawa na mkate wa iliki. Ndiyo maana mambo haya niliyaona kwa macho yangu. Moja nililitenda kwa mikono yangu mwenyewe, na nitalisema likifika mahali pake.

Wastaafu wenzake Veikko walijitia kwenye uvuvi na kuteleza juu ya barafu. Yeye alijitia kwenye kompyuta. Alianza na moja, ya kuhifadhi picha za ukoo. Ikaja ya pili, ya sinema na kanda za kwaya. Ya tatu ilikuwa inaangalia joto la nyumba ili mabomba yasigande wakiwa safarini. Ya nne alisema ni ya kujaribia mambo, ili yakiharibika yaharibike hukohuko. Zote alizipanga katika chumba cha chini ya nyumba, kila moja na waya zake, mpaka ukishuka ngazi unadhani umeingia kiota cha nyoka.

Halafu kuna ofisi moja ya mjini ilifungwa, wakampa bure seva yao ya zamani, kompyuta kubwa iliyokuwa ikitunza kazi za ofisi nzima. Ilikuwa ndefu na bapa kama jeneza la mbwa, na ndani yake mlikuwa na feni sita, kila moja ndogo kama kikombe cha kahawa, zinazozunguka kwa hasira ya nyigu. Veikko aliiwasha, akakunja mikono kifuani akiitazama kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

"Umeona?" akaniambia. "Nguvu zote hizo, na kimya kama kanisa siku ya Jumatatu."

Mimi nilikuwa nimeziba masikio.

Hilkka akafungua mlango. Karakana yake iko chumba hichohicho cha chini, upande wa pili wa ukuta mwembamba wa mbao. Humo ndimo anamotengenezea viungo vya piano na kutunza ile piano yake ya kujifunzia.

"Veikko, mashine yako inalia."

"Nani?"

"Mashine. Inalia."

"Nani analia?"

Hilkka akanitazama, nami nikatazama viatu vyangu. Ndoa ya watu usiingilie, ndivyo baba yetu alivyotufundisha.

Hilkka alivumilia wiki tatu. Wiki ya nne alitupandia jikoni na ufunguo wa kukazia nyuzi mkononi, akasimama mbele ya mumewe ili amwone midomo.

"Nikipiga noti, mashine yako inanijibu. Tena inajibu vibaya, iko chini kidogo. Leo nimegundua nimeishusha piano yangu yote ifanane na feni zako. Umenielewa? Umenifanya mimi, Hilkka, nikosee."

"Basi piga kwa nguvu zaidi," Veikko akasema kwa upole kabisa, maana alikuwa anatoa ushauri.

"Ama inyamaze, ama ihamie sauna."

Ikahamia sauna. Sauna yao iko nyuma ya nyumba, kibanda cha magogo cha kuogea mvuke alichojenga baba yetu, chenye chumba cha moto ndani na chumba cha kuvulia nguo mbele. Jumapili hiyo Veikko akachimba theluji, akalaza waya, akaiweka seva katika kile chumba cha mbele chini ya dirisha. Baridi ya Januari ikawa inaipooza bila shida, hata feni zikabaki kunong'ona tu. Kwa furaha akahamishia humo kila kitu, picha, kanda, yote. Alipanga kila Jumamosi, siku yetu ya sauna, aizime na kuitoa kabla ya moto kuwashwa.

Mpango huo aliujua yeye peke yake.

Jumamosi nilimaliza kazi mapema, nikasema niwafanyie wema, niwashe sauna kabla hawajaniomba. Nikaingia chumba cha mbele, habari ya seva imenitoka kabisa akilini, nikaona benchi jipya la chuma chini ya dirisha, lina joto zuri. Nikasema moyoni, shemeji kafikiria sana mwaka huu. Nikatandika mataulo matano juu yake yapate kukauka. Nikawasha moto, nikaacha mlango wa ndani wazi ili na huku mbele pachangamke, nikakaa juu ya mataulo na kuanza kuvua soksi.

Veikko alikuwa nyumbani anaangalia picha kwenye skrini, picha zikapotea. Alikuja mbio juu ya theluji bila viatu.

"Onni. Umekalia nini?"

"Benchi."

"Hilo si benchi, shemeji."

Nikanyanyuka. Tukatoa taulo moja baada ya jingine kama watu wanaofunua maiti. Chuma kilikuwa hakishikiki. Zile feni sita zilikuwa zimenyamaza, na kwa mara ya kwanza yeye na mimi tulisikia kitu kimoja.

Hilkka hakucheka siku ile, na mimi sikuthubutu. Nakala ya kanda ya kwaya yenye sauti ya marehemu mama yetu ilikuwa humo. Bahati yetu, kanda yenyewe Hilkka hakuitupa, aliifunga katika soksi na kuitia ndani ya kiti cha piano. Picha nazo zilikuwa bado katika ile kompyuta ya kwanza. Kilichopotea ni majina. Kwa miaka miwili Veikko alikuwa anakwenda kila Alhamisi kwa shangazi yetu Saimi na picha za zamani, shangazi anamtajia nani ni nani na yeye anaandika. Majina hayo alikuwa ameyahamishia kwenye seva bila kubakiza nakala, na shangazi Saimi alifariki mwezi wa kumi. Kuna picha moja ya wanaume tisa mbele ya kambi ya wakata miti. Tunamjua mmoja, babu yetu. Wale wanane majina yao yaliungua chini ya mataulo yangu.

Nilikwenda kumwomba radhi. Veikko akaniwekea kahawa.

"Kosa si lako, Onni. Kitu ambacho huwezi kukipata tena hukiweki mahali pamoja tu. Mimi ni fundi umeme, nilijua. Nilifanya uvivu."

Siku nne alikuwa anachora juu ya bahasha. Siku ya tano alikuwa mtu mwingine. Nilipoingia akanivuta kiti.

"Nitatengeneza moja tu. Moja badala ya zote tano."

"Moja itafanya kazi za tano? Shemeji, usije ukaninunulia na mimi mkokoteni badala ya magari matano."

"Sikiliza wewe. Una nyumba kubwa. Unapangisha vyumba vitano. Kila mpangaji ana mlango wake na ufunguo wake, na kila mmoja anadhani nyumba nzima ni yake. Jiko ni moja, paa ni moja. Mpangaji mmoja akilewa akavunja kitanda, wengine hawajui. Hizo zinaitwa mashine pepe. Kompyuta ndani ya kompyuta."

"Na picha?"

"Mpangaji mmoja ndiye mwenye stoo. Ufunguo wa stoo anao yeye peke yake. Wengine wakitaka kitu wanamwomba yeye. Stoo ina diski nne, na kila kitu kinaandikwa mara mbili. Diski ikifa, mwenzake anaendelea na kazi, halafu nabadilisha iliyokufa."

"Na kelele?"

Akainua uso. "Hapo ndipo nitawaonyesha."

Vifaa vilikuja kwa maboksi, boksi baada ya boksi, mpaka mleta vifurushi akawa anaingia jikoni bila kugonga. Veikko akatandika magazeti juu ya meza. Alichagua sanduku pana lenye kuta nene. Badala ya feni sita ndogo aliweka tatu kubwa kama sahani za chakula, kwa sababu, alisema, feni kubwa hupuliza hewa ileile kwa mzunguko wa taratibu. Alichagua prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inayokula umeme kidogo, juu yake akafunga mnara wa mabati membamba ya kupoozea, mrefu kama mkate uliosimamishwa. Kisanduku cha umeme nacho kilikuwa cha aina ambayo feni yake hulala mpaka kazi izidi. Alikaza kila skrubu kwa vidole viwili, ulimi nje. Hilkka alipita na vyombo, akapita na mkeka, akapita na kikapu cha nguo, na kila alipopita alisema neno moja tu, "Tutaona."

Kwa kuwa masikio yake yalikuwa yameshastaafu kama yeye, Veikko alipima ukimya kwa vidole. Anawasha sanduku, anaweka kiganja juu, anafumba macho. Akihisi mtetemo, anazima, anatia kipande cha mpira, anawasha tena. Mwisho aliweka bilauri ya maji juu ya kifuniko akainama mpaka pua ikakaribia ukingo. Maji yalitulia tuli.

"Hilkka," akaita. "Njoo usikilize kitu ambacho hakipo."

Tukashuka wote. Sanduku alikuwa ameliweka juu ya rafu ya mbao za msonobari iliyopigiliwa ukutani, ukuta uleule wa karakana. Mimi sikusikia kitu, na masikio yangu ni mazima. Hilkka akasimama, kichwa upande mmoja. Tukangoja.

"Inagonga," akasema.

"Nini?" Veikko akauliza.

"Tik. Kisha kimya. Kisha tik. Kila baada ya sekunde tano hivi."

"Hakuna."

"Iko."

"Maji hayatikisiki, mke wangu. Maji hayana sababu ya kudanganya."

"Na mimi nina sababu gani?"

"Umezoea kulalamika, sasa umekosa cha kulalamikia, umejitengenezea."

Hapo hata mimi nilijua pamewaka. Hilkka akaongea polepole, kila neno na kiti chake.

"Sikio la kufa halisikii dawa, Veikko. Miaka kumi na minne nakuomba ukapime masikio. Miaka kumi na minne narudia kila jambo mara mbili kama mashine ya kujibu simu. Sasa umejenga kitu kisicho na sauti, na huwezi kujua kama kina sauti. Umepima ukimya kwa bilauri ya maji. Ungekuwa mtu mwingine ningecheka."

Akaingia karakana yake, akafunga mlango taratibu.

Veikko alilifungua sanduku mara tatu siku zilizofuata. Alibadilisha feni zisizo na kosa. Aliweka bisibisi kwenye paji la uso, ncha yake juu ya chuma, ili asikie kwa mfupa, jambo alilojifunza kiwandani. Hakupata tik. Siku ya nne alinivuta kando mlangoni.

"Shemeji, una nafasi Jumanne saa nane mchana?"

"Unaenda wapi?"

"Mahali."

"Mahali gani?"

"Nimesema mahali, Onni. We lete gari."

Nilimpeleka kwa mpimaji wa masikio. Walimtia ndani ya kibanda kidogo chenye kioo, mwanamama akawa anabonyeza vitufe na Veikko anainua kidole kila akisikia. Kutoka kwenye kiti changu nje niliona mwanamama anabonyeza, anabonyeza, na kidole hakiinuki. Nilitamani nimwinulie mimi.

Alipotoka aliketi kwenye gari bila kufunga mkanda.

"Amesemaje?"

"Amesema kwa miaka kumi nimekuwa nasoma midomo ya watu. Ameuliza nimefundishwa na nani, maana nasoma vizuri sana."

Ndipo akafunga mkanda.

Baada ya wiki mbili tulirudi kuchukua vile vifaa vya kusikilizia, viwili, vidogo kama maharage, nyuma ya masikio. Hatujafika hata taa ya kwanza barabarani akaniwekea mkono begani.

"Simamisha. Gari lako bovu. Kuna kitu kinagonga."

"Hiyo ni indiketa, shemeji."

"Siku zote inagonga hivyo?"

"Tangu gari zilipoanza."

Njia nzima alinitajia vitu. Zipu ya koti lake. Theluji chini ya matairi. Mimi mwenyewe, kwamba napumua kwa pua kama farasi. Tulipofika, aliingia mbele yangu, akavua buti, akaanza kushuka ngazi za chumba cha chini, kisha akasimama katikati. Nikasimama nyuma yake.

Hilkka alikuwa karakana, mlango wazi nusu, ameinamia meza anabandika felti, kile kitambaa kizito cha sufu kinachovishwa nyundo za piano. Alikuwa anaimba kwa midomo iliyofungwa, wimbo wa zamani wa mama, taratibu, kama mtu asiyejua kwamba anaimba.

Veikko alishika ukuta. Alikaa pale kwa muda wa wimbo mzima. Ulipokwisha akasema, "Huwa unaimba hivyo?"

Hilkka akageuka. Akaona masikio yake, akaona na uso.

"Nikiwa nafanya kazi."

"Tangu lini?"

"Tangu unanichumbia, Veikko."

"Nilikuwa naishi nyumba hii," akasema.

Mimi nikakumbuka kwamba birika linahitaji maji, nikapanda juu. Kahawa niliyopika siku ile ilikuwa mbaya na nilichelewa nayo makusudi.

Niliporudi na vikombe niliwakuta wote wawili mbele ya rafu, vichwa vimeelekea upande mmoja, wameshikana mikono kama watoto wanaosikiliza mlangoni.

"Tik," akasema Hilkka.

"Tik," akasema Veikko, na uso wake uling'aa kana kwamba amepewa zawadi. "Iko. Lahaula, iko kweli. Ni diski. Hizi diski kubwa hujisogezasogeza kichwa kila sekunde chache ili zisichakae mahali pamoja. Lakini ni kidogo sana ile. Mbona inasikika mpaka kwako?"

Hilkka akagonga rafu kwa kifundo cha kidole. Rafu ikaitika, *dumm*.

"Kwa sababu umeiweka juu ya piano, mume wangu. Msonobari mkavu, mwembamba, umebanwa ukutani. Hivyo ndivyo unavyotengenezwa ubao wa sauti. Uzi wa piano peke yake hausikiki hata mezani. Ukiugusisha na ubao, kanisa zima linasikia. Wewe umechukua kiroboto ukampa kipaza sauti."

Veikko akamtazama kama aliyekutana naye jana.

"Kwa hiyo tufanyeje?"

Neno hilo, tufanyeje, nililitia akilini. Katika miezi yote ile lilikuwa nitafanyaje.

Walifanya kazi mchana ule na kesho yake. Veikko alitoa diski zote nne katika vishikizo vyake vya chuma. Hilkka akaleta lastiki ngumu ya cherehani, wakazisuka ndani ya sanduku, diski zikaning'inia hewani kama samaki wanaokaushwa, hazigusi chuma popote. Nyuma yake waliacha nafasi feni ipulize. Kifuniko Hilkka alikitandika felti ileile ya piano pembeni tu, mahali Veikko alipomruhusu, wakabishana kidogo kuhusu hewa na joto, Veikko akashinda hoja ya joto na kunitazama mimi alipokuwa akiishinda. Sanduku likatolewa kwenye rafu, likakaa juu ya sakafu ya zege, chini yake matofali mawili na felti.

Likawashwa. Hilkka akasikiliza. Akaenda karakana akafunga mlango, akapiga noti moja, akaiacha ife yenyewe mpaka mwisho kabisa. Kisha akafungua.

"Sina la kusema," akasema. Kwa dada yangu hiyo ni shahada ya chuo kikuu.

Wapangaji wakahamia siku ileile, mwenye stoo, picha, sinema, joto la nyumba na yule wa majaribio. Zile kompyuta nne za zamani zikapelekwa kwenye chuma chakavu. Sanduku limesumbua mara moja tu tangu hapo, mwezi wa tatu, barafu ilipoangusha nyaya za umeme mtaa mzima asubuhi. Umeme uliporudi, picha hazikuonekana, na sinema hazikuonekana, na Veikko akapauka. Mimi mikono yangu niliiweka mfukoni ili isishukiwe. Kumbe hakuna kilichopotea. Wapangaji waliamka wote kwa pamoja, wakakimbilia stoo, wakakuta mwenye ufunguo bado anavaa suruali, wakakata tamaa. Veikko akawawekea utaratibu, mwenye stoo aamke kwanza, wengine wangoje dakika mbili. Akazima na kuwasha ili ajaribu. Wakaamka kwa zamu kama watu wastaarabu.

Hilkka naye aliomba chumba. Ndiyo, yeye. Sasa ana mpangaji wake humo, wa kutunza rekodi za piano zote alizozigusa, noti kwa noti, kabla na baada. Kila Alhamisi wanakaa pamoja na zile picha za zamani na kwenda nazo nyumba za wazee waliobaki, Hilkka anauliza, Veikko anasikiliza na kuandika. Kati ya wale wakata miti wanane, wamekwishapata majina mawili.

Lililobaki lilikuwa jambo la kitu ambacho hakiwekwi mahali pamoja tu. Veikko akatengeneza sanduku la pili, dogo, la diski mbili, likae kwa binti yao Kaisa kule Winnipeg, liwe linapokea nakala kila siku. Mwezi wa nne wakaenda kulipeleka wenyewe, safari ya saa nane, barabara imejaa mashimo ya baridi. Hilkka hakukubali liwekwe nyuma. Alilifunga katika mfarishi wa kuunga vipande aliotushonea mama, akalipakata mapajani njia nzima.

Walisimama Dryden kula. Dada alinisimulia kwamba waliketi mezani, mfarishi mikononi mwake, na mhudumu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya huruma, akaja kwa kunyata.

"Amelala?" akanong'ona.

"Amelala," akasema Hilkka, kwa kuwa alikuwa amechoka kueleza mambo.

"Jamani, mtulivu. Wa umri gani?"

"Wiki mbili."

"Na halii?"

"Baba yake alihakikisha."

Mhudumu akainama, akaomba amwone kidogo tu. Hilkka akamtazama Veikko, na Veikko, ambaye alikuwa amesikia kila neno, akainua mabega. Basi dada akafunua pembe moja ya mfarishi. Mwanamke yule akaangalia lile sanduku jeusi, matundu yake na feni yake moja. Akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia shemeji yangu, akamkagua na yeye, toka kofia mpaka ndevu.

"Kafanana na baba," akasema, na akaenda kuwaletea supu.